Wenzangu wa kwaya wamenyamaza

SWALI: Shikamoo, Mama. Januari nilihama Iringa kuja Dodoma kikazi. Wenzangu wa kwaya, tulioimba sauti ya pili pamoja miaka 6, hawanipigii tena. Jumapili narudi chumbani peke yangu. Je, Mungu ameniacha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hajakuacha. Fungua 2 Timotheo sura ya 4. Paulo yuko kifungoni. Mwenzake Dema amemwacha, amebaki na Luka tu. Wala haoni haya kuomba: joho aliloliacha Troa, vitabu vyake, na Timotheo aje kabla ya majira ya baridi. Tena anamtaka Marko, yule yule aliyemwacha yeye na Barnaba njiani, kule Pamfilia!

Nilipofiwa na mume wangu, kwa miezi niliendelea kuandaa vikombe viwili vya chai. Mbele ya kile cha pili ndipo nilipojifunza kusali kwa sauti, jikoni. Lakini upweke ule uliniuma sana, kwa hiyo usijilazimishe kuupenda.

Leo jioni mpigie mmoja wao, yule mliyezoea kukaa benchi moja. Na Jumapili usikimbilie nyumbani ibada ikiisha. Mtafute mwalimu wa kwaya wa hapo, umwambie unaimba sauti ya pili.