ATAT1 na uimara wa mikrotubuli: kosa lililonila muhula mzima

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama kimeng'enya cha ATAT1 ndicho kinachofanya mikrotubuli ziwe imara, kwa kuwa kila zilipo imara na alama ya asetili (kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye protini) ipo. Nilipokuwa nafanya shahada ya pili nilijibu hivyo hivyo bila kusita, nikapoteza muhula mzima.

Mikrotubuli ni vijibomba vya protini ndani ya seli, upana wa nanomita 25 hivi, na vingi hujengwa na kubomoka ndani ya dakika chache. ATAT1 huchukua asetili kutoka kwa asetili-koenzimu A, molekuli inayoibeba, na kuibandika kwenye lisini (asidi amino) ya 40 ya tubulini ya alfa, moja ya protini zinazojenga bomba. Lisini hiyo iko ndani ya bomba! Alama nyingi nyingine za tubulini hukaa nje, kwenye mkia wa protini hiyo. Kwa hii, ni lazima kimeng'enya kijipenyeze ndani kwanza.

Sasa kosa langu. Niliziwekea seli dawa iitwayo taksoli, nikapaka kingamwili inayonasa tubulini yenye asetili, na chini ya hadubini zikawaka kijani kibichi. Nikaandika kwa furaha kuwa dawa imeongeza kimeng'enya. Msimamizi wangu, mama asiyepoteza maneno, akauliza, "Umekipima?" Sikuwa nimekipima. Nilipokipima, kiasi kilikuwa kile kile.

Kumbe kimeng'enya chenyewe ni kizembe, hufanya kazi polepole. Taksoli ilizuia mabomba yasibomoke, kikapata saa kadhaa za kubandika kwa raha zake. Alama ilikuwa inasoma umri wa bomba, kama mvi.

Nikageuza jaribio. Nikazuia HDAC6, kimeng'enya kinachobandua asetili. Alama zikajaa kila mahali, lakini nilipomimina nokodazoli, dawa ya kubomoa mikrotubuli, mabomba yakayeyuka karibu kama kawaida. Nilikaa kimya siku hiyo.

Ina maana haina kazi? Hapana, mkuu. Tafiti za 2017 zilionyesha kuwa bomba lenye asetili hupindika bila kuvunjika kirahisi. Yaani inasaidia dhidi ya kukunjwa, jambo tofauti na kubomoka kwa dawa. Ndiyo maana panya wasio na ATAT1 huishi na kuzaa, ila hisia zao za mguso hufifia na mbegu za kiume huogelea vibaya. Hata jeni ya minyoo ya C. elegans, mec-17, ilijulikana kwa habari ya mguso kabla ya 2010, mwaka ilipobainika kuwa ndiyo yenye kutengeneza kimeng'enya hiki.

Ukienda maabara, usiziweke seli kwenye barafu kabla ya kuzifiksi (kuzigandisha kwa kemikali zibaki zilivyo). Baridi huyeyusha mabomba machanga, yanabaki makongwe yenye asetili, na picha yako itadanganya kama yangu.