Mmemaliza kemia, mnataka kuja huku: haya ndiyo majibu yangu

Wadogo zangu, meseji zenu nimezisoma zote. Nyingi zinafanana: "Dada, nina shahada ya kemia, mtaani hakuna ajira, nipe mchongo wa huko Ujerumani." Wachache mmeuliza kuhusu uzamili. Mmoja ni mwalimu wa kemia. Na kuna mzee ameuliza kama auze kiwanja ili mwanawe apate hela ya kumlipa wakala. Najibu wote kwa pamoja, na nitasema mambo kama nilivyoyaona, hata pale ambapo hamtayapenda.

Mimi niko kwenye maabara ya udhibiti wa ubora ya kiwanda cha dawa. Kabla mzigo haujatoka getini, sisi ndio tunaopima kama kidonge kina kiasi cha dawa kilichoandikwa kwenye pakiti, kama kinayeyuka kwa muda unaotakiwa, na kama uchafu wa kemikali haujavuka kiwango. Naipenda kazi hii. Siwaandikii kuwakatisha tamaa, nawaandikia kwa sababu nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakiishia kubeba boksi usiku kwenye maghala, na wengi wao hakuna aliyewaeleza mapema jinsi maabara za huku zilivyojipanga.

Nianze na lililo zito. Shahada ya kwanza ya kemia, ikiwa peke yake, huku haina kiti. Maabara ya Kijerumani ina watu wa aina mbili. Wapo mafundi wa maabara, wanaoitwa Chemielaborant, ambao baada ya sekondari waliingia kwenye mafunzo ya miaka 3 na nusu, siku nyingine darasani, siku nyingi kiwandani, tena wakilipwa. Halafu wapo wakuu wa maabara na watafiti, na hao kwenye kemia kwa kawaida wana uzamivu. Wajerumani wenyewe wakimaliza miaka 3 ya shahada ya kwanza, wengi hawaendi kutafuta kazi. Wanaunganisha uzamili, na sehemu kubwa wanasonga mpaka uzamivu. Sasa wewe unayekuja na shahada moja unaangukia katikati. Kwa kazi ya fundi unaonekana umesoma nadharia nyingi lakini mikono haijazoea, na kwa kazi ya mkuu bado hujafika.

Jirani yangu wa meza ni binti wa miaka 22, hana shahada. Siku moja tulikuwa tumepanga sampuli kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha viambato vilivyomo kwenye myeyusho, na vilele, zile alama zinazochorwa kila kiambato kinapotoka, vikaanza kuchelewa. Kile kilichotakiwa kutokea dakika ya 6 kilisogea mbele kidogo kidogo kila sindano, yaani kila sampuli ilipodungwa kwenye mashine. Mimi nikafungua daftari kuangalia pH ya bafa. Yeye akasimama, akaitegea sikio pampu, akasema mlio umebadilika, kuna hewa ndani. Akafungua vali, kiputo kikapita kwenye mrija tukakiona kwa macho, na shinikizo likatulia. Kisha akaketi kuandika ripoti ya hitilafu: ilikuwa saa ngapi, sindano ya ngapi, shinikizo lilisomeka kiasi gani kabla na baada, sampuli zipi zirudiwe na kwa nini. Mkaguzi akija hatauliza nani ana shahada. Ataishika ripoti ile na kuuliza kwa nini sampuli zile zilipimwa mara mbili.

Huyo ndiye mnayeshindana naye. Ninaposema hivyo simaanishi kwamba kemia mliyosoma haina thamani. Namaanisha kwamba mkemia, huku na kwingineko, hulipwa kwa sababu anatoa namba ambayo mtu mwingine anaweza kuitegemea bila kurudia kazi yake. Kama huwezi kuonyesha kwamba umewahi kutoa namba za namna hiyo, cheti hakitakusemea.

Kijana mmoja alinitumia CV imeandikwa "mtaalamu wa HPLC". Nikamuuliza alitumia kolamu ya aina gani, kimiminika gani kilipita ndani yake, alihakikisha vipi kwamba njia yake inapima sawasawa. Kimya. Baadaye akanieleza kwamba chuoni mashine ilikuwepo ila wanafunzi walionyeshwa tu. Kosa si lake, lakini kwenye usaili hakuna atakayeuliza kosa ni la nani. Ningependa zaidi aandike kitu kidogo cha kweli: "Nimepima ugumu wa maji na klorini kwa mwaka mzima, natayarisha mwenyewe myeyusho sanifu, naihakiki mizania kila asubuhi, nachora chati ya udhibiti na najua la kufanya kipimo kikitoka nje ya mstari." Mtu wa maabara akisoma hivyo anajua anaongea na mwenzake.

Na kitu kama hicho mnaweza kukipata hapo hapo mlipo. Maabara za maji, viwanda vya saruji, rangi, bia na mbolea, migodi, wakaguzi wa vyakula: kote huko watu wanapima. Tafuteni hasa maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ambacho toleo linalotumika sasa ni la 2017. Mtu aliyefanya kazi ndani ya mfumo huo ameshajifunza kalibresheni, uhakiki wa njia za upimaji, ukadiriaji wa mashaka ya kipimo, na ile nidhamu ya kutofuta kosa bali kulikata mstari mmoja, kusaini na kuweka tarehe. Akija huku anakuta mambo yale yale kwa lugha nyingine. Hata mkianza kwa mshahara mdogo, au kwa kuosha vyombo vya maabara huku mkiangalia wanaojua wanafanyaje, ingieni.

Kuna sababu nyingine ya kuanza huko. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kwa kozi za uzamili zinazohusiana na maendeleo, ambazo ndani yake mna za maji na mazingira zinazomfaa mkemia, kwa kawaida unadai angalau miaka 2 ya kazi baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka 6. Kwa hiyo miaka hiyo miwili mnayodhani mnapoteza ndiyo inayohesabiwa. Mkikaa nyumbani miaka 7 mkisubiri wakala, mlango huo unakuwa umeshafungwa.

Wale wa kujilipia, sikilizeni hesabu. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, mnalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini viza inataka uonyeshe una fedha za kuishi. Tangu Septemba 2024 kiwango cha mwanafunzi ni euro 11,904 kwa mwaka, zinazowekwa kwenye akaunti iliyofungwa na kukurudia euro 992 kila mwezi. Hiyo si ada na haimwendei mtu, ni hela yako ya kula na kulala. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280. Ila kemia si somo la kuhudhuria jioni. Vipindi vya maabara vinakula mchana wako wote, na anayetegemea vibarua kujilipia kila kitu, mara nyingi kinachoanguka ni masomo.

Uzamivu ni habari nyingine kabisa, na ndiyo njia ninayowapigia debe wenye uzamili mzuri. Huku mwanafunzi wa uzamivu wa kemia mara nyingi ni mwajiriwa. Anapewa mkataba na mshahara, ingawa wengi huandikiwa nusu au theluthi mbili ya ajira kamili huku wakifanya kazi siku nzima. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, kwenye tovuti za vyuo na za taasisi za utafiti kama Max Planck, na Kiingereza kinatosha. Mwandikie profesa mwenyewe. Soma makala mbili za kundi lake, mweleze kwa aya moja unachoweza kukifanya kwenye benchi lake. Barua ya "Mheshimiwa Profesa, natafuta fursa yoyote" haijibiwi.

Nje ya uzamivu, Kijerumani hamtakikwepa. Kozi za uzamili za Kiingereza zipo na hilo linawadanganya wengi. Unasoma miaka 2 kwa Kiingereza, unahitimu vizuri, unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi, halafu unakuta taratibu za kazi, lebo za hatari na ripoti za hitilafu viko kwa Kijerumani. Msimamizi anaogopa kumpa kazi ya asidi mtu asiyeweza kusoma onyo. Anzeni lugha kabla ya kupanda ndege. Msingoje mpaka mfike.

Mmeniuliza pia kuhusu kadi ya fursa, Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024. Inakuruhusu kukaa hadi mwaka mmoja ukitafuta kazi, na kufanya kibarua hadi saa 20 kwa wiki, ukionyesha fedha za kujikimu. Kwa mwenye uzoefu wa maabara na Kijerumani cha kueleweka, siikatazi. Kwa mwenye shahada tu na lugha ya kusalimiana, mwaka unaisha kabla hajaitwa usaili wa tatu. Kabla ya lolote angalieni kwenye hifadhidata ya anabin kama chuo chenu na shahada yenu vinatambulika. Ikibidi, ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje, inatoa tamko la ulinganifu kwa euro 208. Habari njema ni kwamba kemia haimo kwenye taaluma zinazohitaji leseni, kama ufamasia au udaktari. Mwajiri akikukubali na karatasi zikatimia, unaanza. Wewe mwalimu wa kemia uliyeniandikia, kwako ni kinyume: ualimu hapa unadhibitiwa, kwa kawaida wanataka masomo mawili ya kufundishia na Kijerumani cha juu sana. Njia ni ndefu, ijue kabla hujaacha ajira.

Msidhani pia kwamba viwanda vya huku vinalilia wakemia. Ludwigshafen, mji ambapo ammonia ilianza kutengenezwa kiwandani mwaka 1913, kampuni kubwa ya kemikali ya BASF ilitangaza Februari 2023 kwamba itafunga moja ya mitambo yake miwili ya ammonia na mingine kadhaa, na kupunguza nafasi 2,600 duniani. Gesi asilia ni malighafi ya ammonia na ni nishati pia, na ilipopanda bei baada ya vita vya Ukraine, kutengeneza hapa kukawa hakulipi. Kemia ya mitambo mikubwa inasinyaa. Kwa ninavyoona mimi, panapopumua ni kwenye dawa, maji na mazingira, betri, na ile kazi ya makaratasi ya kemikali inayotokana na sheria ya Ulaya ya REACH, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ambayo inamlazimu mtengenezaji kusajili na kueleza usalama wa anachouza. Kazi hiyo ya mwisho watu wanaidharau, lakini inamfaa sana mkemia anayeandika vizuri.

Maisha yenyewe? Mkataba wa pamoja wa sekta ya kemia ni saa 37.5 kwa wiki, na saa zikiisha unaondoka, hakuna anayekununia. Mshahara unaosoma kwenye mkataba siyo unaoingia benki. Kodi, bima ya afya, pensheni na mengine vinaondoka kwanza, na kwa asiye na mwenza zaidi ya theluthi inaweza kukatwa. Waambieni ndugu mapema, kabla hawajaipigia hesabu. Kwenye kazi yangu ya kwanza hapa, matokeo yangu yalikuwa yakirudiwa na mtu wa pili miezi mingi baada ya kipindi cha majaribio kwisha. Ya mwenzangu wa Ulaya aliyeanza mwezi uleule hayakurudiwa. Iliniuma, na bado naona haikuwa haki. Nilichofanya ni kuweka kumbukumbu za namba zangu na za mrudiaji kwenye jedwali moja, nikampelekea msimamizi, na tofauti ilikuwa ndani ya kiwango kila mara. Urudiaji ukakoma. Jambo la aina hiyo mtakutana nalo, na hakuna atakayewaonya siku ya usaili. Januari, unapoingia kazini giza na kutoka giza, jambo hilo linakulemea kifuani kuliko uzito wake halisi.

Sasa mzee wangu uliyeuliza kuhusu kiwanja. Shikamoo. Usikiuze. Wakala hana ufunguo ambao mwanao hana. Maombi ya vyuo anayatuma mwenyewe kwa mtandao, mengi bure, na yanayopitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo, ni euro 75 kwa la kwanza na 30 kwa kila jingine la muhula huohuo. Nafasi za uzamivu haziuzwi. Na ile hela ya akaunti iliyofungwa inakaa kwa jina la mwanao, kwa hiyo mtu akiwaambia iwekwe kwake kwanza, kateni simu. Kijana atafute maabara, hata ya kujitolea, aanze Kijerumani, aombe vyuo kwa jina lake. Barua ya kukubaliwa ikija ndipo mkae kikao cha fedha. Mwambie anitumie matokeo yake ya chuo na orodha ya vipimo alivyovifanya kwa mkono wake mwenyewe. Nitamwangalizia kozi zinazomfaa, sitamtoza kitu, na kama naona bado hajaiva nitamwambia hivyo na kumwonyesha pa kuanzia.