“Mama, kaa ndani ya gari”: mimi na kalipa iliyovuja

Juzi usiku kijana mmoja wa Njiro, Arusha, ameniandikia. Kila asubuhi anakuta doa bichi karibu na tairi la mbele la kushoto, mafuta ya breki yanapungua kwenye kikopo chake, na fundi amemwambia anunue kalipa mpya nzima, kile chuma kinachozibana brekipedi kwenye diski ili tairi lisimame. Akamalizia hivi: “Dada, nasikia wewe yako ulijitengenezea nyumbani. Kweli?”

Kweli. Ila hilo neno “ulijitengenezea” lina walakini, na leo nitausema hadharani.

Yangu ilianza wiki chache kabla ya Krismasi. Mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa: mwezi huo tunapanda mlimani kwa wazazi. Mimi napanda Kibosho kwa mama, na kupanda si tatizo kwa gari lolote lenye injini. Shida ni kushuka. Siku hiyo nilikuwa narudi mjini jioni na mikungu miwili ya ndizi kwenye buti. Nikakanyaga breki kwenye kona, pedali ikazama karibu na sakafu, kisha ikashika. Nikapampu mara mbili tatu, nikaweka gia ya chini, nikashuka polepole kama mwenye kubeba mayai kichwani. Nilipofika nyumbani Soweto, hapa hapa Moshi, niliinama nikaona ndani ya rimu kumelowa.

Nikapeleka gereji. Sitaitaja. Nilitaka kusimama nione anavyofungua, fundi akaniambia, “Mama, kaa tu ndani ya gari, utachafuka.” Nikakaa! Mtu mzima, gari langu, hela yangu, nimekaa kama mtoto anayesubiri kunyolewa, nasikiliza nyundo. Mwisho akaniambia sili, ile mipira ya kuzuia mafuta ndani ya kalipa, zimebadilishwa. Nikalipa, nikashukuru.

Siku tisa baadaye doa likarudi palepale. Niliporudi gereji aliniambia nakanyaga breki vibaya, tena mbele ya vijana wake, nao wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo. Nikiwa jikoni nakata vitunguu naweza kukisikia.

Jumamosi iliyofuata nikaingia uani. Yale ya kulegeza nati na kupiga jeki nayaruka, yanachosha kuyasoma kuliko kuyafanya. Neno moja tu: jeki peke yake si ya kuaminiwa. Weka kiguzo cha chuma chini ya gari na mawe nyuma ya matairi mengine, maana utakuwa umeingiza kichwa humo.

Pistoni, kile kipande cha ndani ya kalipa kinachosukuma brekipedi, niliitoa kwa kumwambia mwanangu akanyage pedali polepole mpaka ikasukumwa nje, chini nimetega beseni. (Gereji wanatumia upepo wa kompresa. Usijaribu na vidole vyako mbele, inatoka kama risasi.) Kisha nikaichokoa sili kutoka kwenye mfereji wake. Ilikuwa ngumu kama ganda la embe lililokaa juani, imepasuka ukingoni, na uchafu wa miaka umeganda pembeni. Sili mpya ya siku tisa haiwi hivyo. Nilikaa juu ya ndoo nikaigeuzageuza, na sitasema niliyoyatamka kwa sababu mwanangu alikuwepo.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu nami nilikuwa sijui. Ile sili haizuii mafuta tu. Ukikanyaga breki, pistoni inasogea na sili inapinda nayo kidogo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kiasi kwamba brekipedi zinaachia diski. Ikishakuwa ngumu, inavuja, na pia breki inaweza kubaki imeng’ang’ania na rimu kupata moto. Kipande cha mpira kinachoenea kiganjani kinafanya kazi zote mbili.

Kuibadilisha kungetosha, lakini pistoni yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu, vishimo vidogo vidogo pale pale sili inapokaa. Sili mpya juu ya pistoni ya namna hiyo itavuja tena. Nikaenda mjini kwenye spea, nikaeleza gari na mwaka wake, muuzaji akanipa kalipa ya mtumba. Nikauliza kama ni ya kushoto. “Zote sawa tu dada.”

Niliifunga vizuri sana. Paipu ya mafuta ilikaa imejipinda kidogo, nikaona si neno. Tukaanza kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki: mwanangu kwenye pedali, mimi chini na kimpira na chupa. Kanyaga. Shikilia. Nafungua, nafunga. Achia. Kuanzia saa mbili asubuhi ya Jumapili mpaka saa saba mchana, ibada tumeikosa, chupa nzima ya mafuta imekwisha, na pedali bado laini kama unakanyaga andazi. Nikaanza kulifikiria lile neno la fundi. Labda kweli sijui kukanyaga.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu udereva wa mabasi, alikuwa ananitazama juu ya michongoma tangu asubuhi. Mwishowe akazunguka akaingia getini, akachuchumaa bila hata kugusa kitu.

“Mwanangu, upepo kwenye mafuta unakaa juu au chini?”

“Juu, mzee.”

“Na skrubu yako ya kutolea upepo inatazama wapi?”

Nikaangalia. Ilikuwa inatazama ardhini.

Nilikuwa nimefunga kalipa ya kulia upande wa kushoto. Bolti zinaingia, brekipedi zinaingia, kila kitu kinaingia, ila ile skrubu inageuka chini. Mafuta yanatoka safi kabisa, huku upepo umetulia juu kama mgeni aliyepewa kochi. Ningeweza kukanyagisha mtoto mpaka Pasaka.

Jumatatu nilimrudishia muuzaji. Alinibadilishia, pole hakunipa. Jioni, kwa washa mpya za shaba kwenye bolti ya paipu na chupa mpya ya mafuta, pedali ilikuwa ngumu ndani ya nusu saa. Nikaizungusha gari uani, halafu barabara yetu ya vumbi, mwendo wa miguu, ndipo nikathubutu lami. Tarehe 23 nikapanda Kibosho, nikamsimulia mama kila kitu huku nimevimba kichwa. Akaniuliza, “Mchele umeleta?”

Sasa wewe wa Njiro. Usinunue kitu kabla hujaona panapovuja. Osha kalipa, ikauke, mtu akanyage breki wewe unatazama. Inaweza kuwa paipu. Inaweza kuwa washa za bolti ya paipu, ambazo ni hela ndogo sana. Inaweza kuwa hiyo hiyo skrubu haijakazwa. Ikiwa inatoka kwenye mpira wa kuzuia vumbi wa pistoni, hapo ndipo tunazungumzia sili, na kabla ya kusema kalipa nzima, itoe pistoni uitazame. Tazama kwanza. Nimelirudia kwa sababu mimi sikutazama.

Usioshe sili kwa petroli wala dizeli, mpira unavimba. Tumia mafuta ya breki masafi. Soma kifuniko cha kikopo, kimeandikwa daraja la mafuta ya breki: kama ni DOT 3 usiweke DOT 5, hayo ni ya silikoni na hayachanganyiki. Chupa iliyobaki wazi tangu mwaka jana usiiguse, mafuta haya yananyonya unyevu. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140, na mteremko wa kwetu unazipasha breki moto kwelikweli. Brekipedi zilizolowa mafuta zitupe, usizianike. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, maji haraka.

Na wanawake wenzangu, maana najua mnasoma: simameni pale anapofungua. Mchafuke. Ombeni spea ya zamani mkononi, muondoke nayo. Anayekataa usikae kwenye gereji yake hata dakika moja. Najua wapo mafundi waaminifu, mmoja ndiye ananifanyia injini, ila hata yeye nasimama pembeni yake na haoni vibaya. Nami nisijifanye mkubwa, bila yule mzee ningekuwa bado niko chini ya gari. Tangu siku ile kila nikipika makande bakuli lake linavuka michongoma.

Kijana wangu, leo jioni tandika boksi safi chini ya hilo tairi, na gari lisitoke mpaka ujue. Kesho asubuhi nipigie picha mbili: doa lilipo, na hiyo skrubu inatazama wapi.