Sarafu za Kiroma zina mwenyewe

Wadogo zangu, nimechoka na huo uvumi kwamba anayechimba mabaki ya Waroma chini ya barabara za London anaokota dhahabu, ila akituma kidogo nyumbani ni ubahili tu. Sarafu ikitoka ardhini hupewa namba na kutiwa mfuko wa plastiki. Mali ni ya mwenye kiwanja. Hazina ya dhahabu au fedha ya zaidi ya miaka 300 lazima itolewe taarifa serikalini ndani ya siku 14. Ukificha, ni kesi.

Ulizeni tope. Kwenye bonde la Walbrook, kijito cha kale cha London, mji wa Kiroma iko hadi mita 7 chini. Katapila huondoa kifusi cha juu kwa ndoo isiyo na meno, kisha ni sururu, koleo na mwiko. Kila tabaka huchorwa kwa kipimo cha 1:20, likapigwa picha na kupimwa kimo, ndipo liondolewe. Udongo mwekundu ulioungua ni wa moto wa Boudica, malkia aliyewaasi Waroma na kuichoma London, mwaka 60 au 61. Ukiuchanganya na wa juu yake, vigae vya hapo havitaji tena umri wa kitu chochote. Sampuli ya udongo ni lita 40, yaani ndoo nne za lita kumi, na ngazi unazipanda wewe.

Maji ya Walbrook yamezuia hewa, ndiyo maana mbao na ngozi hazikuoza. Humo zimetoka mbao 405 za kuandikia. Moja, ya tarehe 8 Januari 57, ni hati ya deni la dinari 105. Sasa mbao kama hiyo ikipigwa upepo inasinyaa na kupasuka, kwa hiyo unainyunyizia maji Januari hiyohiyo, vidole vimekufa ganzi, maana glavu nene hazihisi kitu. Pampu ikizima usiku, asubuhi shimo limejaa.

Msije! Mikataba mingi ni ya wiki au miezi michache, na viza ya kazi inataka mwajiri mwenye kibali cha kukudhamini. Getini wanadai kadi ya usalama ya ujenzi.

Lakini wewe uliyesoma akiolojia pale Mlimani, omba, tena omba leo, kazi unaiweza. Mkataba usainiwe kabla hujakata tiketi. Soksi ziwe za sufu, pamba ikilowa haikauki. Mabuti namba moja zaidi. Na mama aambiwe mapema kwamba mkataba ukiisha, hela ya mwezi huo haipo.