Vioo vinne vimegoma kwa pamoja: ninunue mota?

SWALI: Shikamoo fundi. Vioo vya umeme vya gari langu hugoma vyote vinne kwa wakati mmoja, halafu vinarudi vyenyewe. Juzi mvua ilinikuta kioo changu kikiwa chini, kikakataa kabisa. Niliposhuka nikavuta swichi mlango ukiwa wazi, kikapanda vizuri tu. Fyuzi nimebadilisha mara mbili. Fundi anasema mota zimechoka, nianze na ya mlango wa dereva. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mota usinunue. Kila mlango una mota yake, na mota nne haziwezi kufa saa moja kisha zikafufuka saa moja. Zikigoma pamoja, tafuta kile zinachochangia zote: fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), au umeme unaofika kwenye swichi kubwa ya mlango wako, ile inayoongoza vioo vyote. Na dalili kubwa umeitaja mwenyewe: kioo kilipanda mlango ukiwa wazi.

Fungua mlango huo hadi mwisho, uiname pale kwenye bawaba. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo, kama bomba fupi, unatoka kwenye bodi na kuingia mlangoni. Humo ndimo zinamopita nyaya za mlango, na kila ukifungua na kufunga zinakunjwa palepale. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko mingine, kwa hiyo nyaya zake ndizo hutangulia kukatika. Katika magari mengi, ukikatika humo waya unaoleta umeme kwenye swichi kubwa, au ule wa ethi, yaani unaorudisha umeme kwenye bodi, vioo vyote vinalala.

Washa swichi ya gari, mtu abonyeze swichi ya kioo huku wewe ukiutikisa mpira huo na kuusogeza mlango taratibu. Watoto wasiwe ndani, na mkono wa mtu usiwe juu ya kioo. Kikishtuka, umepafikia penyewe.

Kabla ya kugusa waya, toa ncha ya hasi ya betri. Kisha chomoa mpira upande wa bodi na kuusogeza. Hapa macho yatakudanganya, kwa sababu gamba la waya linaweza kuwa zima huku ndani kumekatika. Mimi hushika waya mmoja mmoja kwa vidole na kuuvuta polepole. Mzima unakaza. Uliokatika unavutika kama lastiki, na ukilipasua gamba unakuta nyuzi za shaba zimeachana, mara nyingine ncha zake zina unga wa kijani.

Zamani nilikuwa nasokota ncha mbili, nazungusha tepu nyeusi, namruhusu mteja aende. Wakawa wanarudi, waya umekatika tena pembeni ya kiungo changu. Iliniuma, maana walikuwa wamenilipa. Siku hizi nakata kipande chote kibovu, naweka waya mpya laini wa unene uleule, mrefu kidogo kuliko wa zamani, na viungo navipeleka ndani ya bodi na ndani ya mlango, mbali na mkunjo. Waya uliolehemiwa huwa mgumu, na ukikunjwa kila siku hukatika. Ukiona humo nyaya za njano, ziache: huenda ni za mifuko ya hewa ya usalama.

Kingekuwa kioo kimoja tu kinachogoma, ningekuambia usikilize sauti ya mota. Mota ikinguruma na kioo hakiendi, kamba au meno ya kupandishia yameachia. Ikiwa kimya, mpe fundi taa ya kupimia aiweke kwenye soketi ya mota huku swichi imebonyezwa. Umeme ukifika na ethi iko sawa, hapo ndipo mota ishutumiwe.

Sasa, zile fyuzi mbili. Je, ulizozitoa zilikuwa zimeungua, au ulizibadilisha kwa kubahatisha tu? Kama ziliungua, huenda kuna waya ulio uchi unaogusa bodi, na yaelekea ni humohumo kwenye mpira. Weka fyuzi ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi lake. Usikubali mtu akuwekee kubwa zaidi au aunganishe kwa kipande cha waya, maana fyuzi isipokatika, nyaya ndizo zitakazoungua, nawe umekaa kando yake.