Sanduku la Picha za Marehemu Mjomba

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Mjomba wangu, aliyefariki mwezi uliopita, alipiga picha za mpira katika uwanja wa Mkwakwani kwa miaka mingi. Hakuajiriwa na gazeti lolote. Riziki yake ilitokana na picha za harusi na za pasipoti, na mpira ulikuwa mapenzi yake tu. Ametuachia sanduku la bati lililojaa negativu (filamu zilizosafishwa ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo) na picha za karatasi, nyingine za msimu wa 1988, Coastal Union walipotwaa ubingwa wa ligi. Moja inamwonyesha kipa amelala chini, mpira umekwisha kumpita, na nyuma ya wavu mtoto amejishika kichwa kwa mikono miwili. Khitma ya arobaini imekaribia. Baadhi ya ndugu wanataka fulana zenye sura ya marehemu, na kaka yangu anataka picha zote ziwekwe mtandaoni mara moja. Tulipolifungua, sanduku lilitoa harufu ya siki. Tumuenzi vipi?
Mpwa wa marehemu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Wa aleikum salaam, binti yetu, na poleni sana kwa msiba, Mungu amrehemu mjomba wenu.

Tuanze na harufu hiyo, kwa kuwa yenyewe haingoji arobaini. Filamu nyingi za zama zake zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, ambayo ikikaa kwenye joto na unyevu, kama ule wa pwani yetu, huanza kuoza na kutoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki. Asidi hiyo ikifungiwa ndani ya sanduku huharakisha uozo na kuambukiza filamu zilizo jirani. Kwa hiyo zitoeni katika bati, mzitenge zinazonuka na zilizo salama, kila ukanda uingie katika bahasha yake ya karatasi, kisha mziweke mahali pakavu penye ubaridi, mbali na sakafu na mbali na paa la mabati. Mzishike kwa kingo, maana alama ya kidole chenye jasho haifutiki kirahisi. Zinazonuka ndizo zitangulie kwenye skana, nayo iwe ile yenye taa kwenye kifuniko, kwa kuwa skana ya kawaida ya ofisini haisomi negativu.

Picha za karatasi zina kazi nyingine, na kwa maoni yetu hapo ndipo heshima yenyewe ilipo. Mpiga picha wa zama zile aliingia uwanjani na filamu ya picha 36, akaketi nyuma ya goli, akilenga kwa mkono na kubahatisha mpira utakapofika, na hakujua alichokipata mpaka filamu isafishwe. Aliyeweza kuwanasa kipa na mtoto yule katika pigo moja hakuwa akijiburudisha tu. Lakini picha isiyo na majina, wazee wakishaondoka, hubaki picha ya watu fulani wakicheza mpira mahali fulani. Zichapisheni nakala, mzipeleke kwenye baraza wanakokaa waliokuwa wakienda Mkwakwani enzi hizo, wa Coastal Union na wa watani wao wa Tanga, African Sports, pia (watabishana, na ubishi wao una faida), mkaulize huyu nani, mechi gani, goli la upande gani. Majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, kwani kalamu ya wino huchimba karatasi na wino wake hupenya hadi mbele.

Kisha jina lake mwenyewe. Karibu kila mpenda michezo ameiona picha ya wanariadha wa Marekani Tommie Smith na John Carlos wakiinua ngumi jukwaani katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini ni wachache wanaoweza kumtaja John Dominis, mmoja wa walioipiga, aliyefariki mwaka 2013. Kaka yako akizimwaga picha zote mtandaoni leo, kesho zitazunguka bila jina la mjomba. Kwa kuwa alijipigia mwenyewe, hakimiliki ni yake na sheria ya Tanzania inaruhusu irithiwe, basi warithi wakubaliane kwanza nani atatoa ruhusa, na kila nakala iandikwe jina lake pembeni. Azitoe chache chache, zile zilizokwisha kupata maelezo.

Kuhusu fulana, hatuzikatazi, ingawa hufifia baada ya kufuliwa mara kadhaa, na fedha hizo zingetosha kuchapisha picha kumi kubwa nzuri za kazi yake. Zipangeni sebuleni siku ya khitma, ile ya kipa ikiwa katikati, na penseli iwekwe karibu. Mtoto wa nyuma ya wavu, kama ni ya msimu ule wa 1988, leo ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na si ajabu yumo humohumo Ngamiani.