Kibo ilipogeuka kichuguu: kuchagua lenzi pana sana ya renjifainda

Lenzi yangu ya kwanza ya milimita 15, ya kamera ya renjifainda (ile unayochungulia kwa kidirisha chake, si kupitia lenzi), niliinunua hapa Moshi kwa mgeni aliyeshuka mlimani akitaka kupunguza mizigo kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa Voigtländer Super Wide-Heliar ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka 1999, ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa shati. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi bila wingu, nilipanda juu ya paa la ghorofa moja mjini nikamaliza filamu nzima. Nilipoisafisha, mlima sikuuona. Ilibidi niitazame negativu kwa kioo cha kukuzia ndipo nikakuta kichuguu cheupe nyuma ya mabati na nyaya za umeme.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningeifanya kabla ya kutoa fedha ingenisaidia sana. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kama kilometa 30 kwa mstari ulionyooka. Kilele kina mita 5,895, yaani kiko juu ya mji kwa takriban mita 5,000. Hiyo ni moja ya sita ya umbali. Zidisha kwa 15 unapata milimita 2 na nusu, kwenye filamu yenye kimo cha milimita 24. Kwa lenzi ya 50 mlima uleule unapata milimita 8, theluthi ya picha. Kama unachotaka ni Kibo, chukua 50 au 90 ubaki na fedha zako.

Ndiyo maana kila anayeniuliza kuhusu lenzi hizi namuuliza kwanza yeye: mbele yako, hatua moja tu, kutakuwa na nini? Wengi hudhani lenzi pana ni ya kuingiza vitu vingi. Vitaingia, ndiyo, lakini vilivyo mbali vitasukumwa mbali zaidi, na kilicho karibu kitakuwa kikubwa kuliko unavyokiona kwa macho. Picha ya lenzi pana inasimama kwa kile kilicho karibu.

Hilo nililielewa Marangu, kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha bibi yangu. Alikuwa jikoni anachota mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa kata. Jiko lenyewe ni dogo, ukirudi nyuma unagonga ukuta. Nikamwomba nisogee. “Sogea, mjukuu wangu, jiko ni lako,” akaniambia. Nikasogea mpaka kata ikawa kama nusu mita kutoka kwenye lenzi. Kwenye picha ile kata imejaa chini, povu la ulezi linaonekana punje kwa punje, bibi yuko katikati, na nyuma yake mlango uko wazi, migomba imeinama juu ya mikahawa. Chumba kizima kimeingia, na bado ukiitazama unajua jicho lianzie wapi.

Sasa urefu gani, yaani lenzi ya milimita ngapi? Kwa mtu anayeanza nasema 21, na sisiti. Inaona takriban nyuzi 90 kutoka kona hadi kona, na bado watu wanabaki watu. Ya 15 inafika kama nyuzi 110, ya 12 inapita 120, na huko kila kosa la mkono linaonekana. Kabla hujanunua, fanya jaribio lisilo na gharama: kwenye simu nyingi kitufe cha 0.5 kinakupa upana wa karibu milimita 13. Piga kwa hicho peke yake wiki nzima, sokoni Mbuyuni, kwenye daladala, nyumbani. Ukichoka siku ya tatu, 21 itakutosha kabisa.

Jambo linalowagharimu watu fedha nyingi zaidi ni tofauti ya filamu na sensa. Lenzi nyingi pana za zamani za renjifainda zina kioo cha nyuma kinachozama ndani hadi karibu na pazia la kamera. Mwanga unafika konani ukiwa umelala sana. Filamu haijali, inapokea mwanga kutoka upande wowote. Sensa ina vioo vidogo mno juu ya kila nukta na bamba la kioo mbele yake, na mwanga uliolala haupiti humo vizuri. Matokeo yake pembeni kunakuwa na rangi ya zambarau au waridi, na kwenye baadhi ya kamera zisizo za renjifainda ambazo watu huzifungia lenzi hizi kwa adapta, kona zinafifia kama zimepakwa mafuta. Super-Angulon ya 21 ambayo Schneider waliwatengenezea Leica, Russar ya 20 ya Kisovieti, hata C Biogon ya 21 ya Zeiss ambayo kwenye filamu naipenda mno, zote zina tabia hiyo kwa viwango tofauti. Kwenye picha nyeusi na nyeupe tatizo la rangi halikuumizi. Kwenye picha ya harusi yenye vitenge na mashada ya maua litakuumiza.

Kwa hiyo ukiwa na bodi mbili (kamera zenyewe bila lenzi), ya filamu na ya dijitali, chagua lenzi kwa ajili ya ile ya dijitali. Filamu itaipokea tu. Mimi niliishia kwenye toleo la tatu la hiyohiyo 15, lililotoka mwaka 2015, lililosanifiwa upya ili mwanga uifikie sensa ukiwa umesimama zaidi. Ni nzito zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na mfuko wa shati nimeusahau. Faida nyingine ni kwamba inakubali filta za milimita 58, wakati toleo la kwanza halikuwa na sehemu ya kufungia filta. Polaraiza, filta ya kukoleza rangi ya anga, usiifunge, lakini. Kwa upana huu anga inatoka na doa jeusi upande mmoja.

Angalia pia ukubwa wa sensa. Leica M8, renjifainda ya dijitali ya mwaka 2006, ina sensa ndogo inayokata picha mara 1.33, hivyo 15 inakuwa 20. Kuanzia M9 ya mwaka 2009 unapata upana wote.

Fokasi haitakusumbua. Weka 15 kwenye f/8 (tundu la mwanga likiwa dogo), pete ya umbali kwenye mita 1, na kila kitu kuanzia nusu mita hadi Kibo kiko sawa. Kwa 21, f/8 na mita 2, unaanzia kama mita 1. Kitakachokusumbua ni kuchungulia, kwa sababu bodi nyingi za Leica M zinaishia kwenye fremu ya 28, yaani mistari ya kuonyesha mpaka wa picha ndani ya kidirisha. Bessa R4 ina fremu ya 21 ndani yake. Nyingine nyingi zinahitaji kidirisha cha kufunga juu, pale pa flashi. Tafuta chenye pimamaji kama ya fundi ujenzi, kwa maana ukiinamisha kamera kidogo tu, kuta zote zinaanguka.

Na watu uwaweke katikati. Kwenye kipaimara kimoja Kibosho nilimpanga shangazi mwisho wa mstari. Alipoiona picha alinyamaza, kisha akasema, “Baba, huyu si mimi.” Kichwa kilikuwa kimevutwa kuelekea konani. Nilirudi Jumapili iliyofuata na lenzi ya 50 nikampiga upya, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, na hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni.

Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma utafute ukungu ndani ya vioo, kisha omba upige picha moja ya ukuta mweupe kwa bodi yako mwenyewe. Rangi za pembeni utaziona hapohapo, kabla hamjaongea bei.